Saa Tisa, kwa Jogoo

"Nenda moja kwa moja mpaka pale palipoungua zizi la farasi," Lavonne Kubicek alimwambia kijana aliyembeba mtoto mabegani. "Ukifika hapo kata kushoto, upite Miti Minane. Ukiona mahali lilipokuwa Birika, umefika. Nguruwe utawasikia wenyewe."

Kijana alishukuru, akamshika mtoto mguu ili atulie, akaenda zake. Zizi la farasi liliungua mwaka 1982. Miti Minane ilikufa kwa ugonjwa, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, na wa mwisho ulikatwa kabla kijana yule hajazaliwa. Pale sasa wanaegesha magari. Birika ulikuwa mnara wa maji uliopakwa rangi ukafanana na birika la kahawa, nao uliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hata hivyo kijana hakupotea. Baba yake alielekezwa hivyo hivyo, na babu yake aliwahi kulala usingizi chini ya miti yenyewe. Katika jimbo lile la mahindi, katikati kabisa ya Marekani, watu huelekezana kwa vitu vilivyokwisha kuondoka, na hufika. Anayepotea ni mgeni tu, na mgeni, kwa maoni ya wengi, alikuwa amepotea tangu alipoingia jimboni.

Lavonne alikuwa na miaka sabini na miwili. Kila Agosti, kwa siku kumi na moja, jimbo zima lilikusanyika katika viwanja vile vya maonyesho kutazama nguruwe wa watu wengine na kula vitu vilivyochomekwa kwenye vijiti, naye alikaa katika kibanda cha maelezo kilichoko karibu na lango kuu. Alikuwa amekaa pale miaka thelathini na minane, bila malipo, akiwa na kofia ya kijani. Mwaka huu, lakini, maonyesho yalikuwa na meneja mpya, Bwana Garrett Lindqvist, mtu mpole mwenye meno mazuri, aliyevigawa viwanja katika kanda sita, kila kanda na rangi yake, na kuandika waraka wa ukurasa mmoja kwa ajili ya vibanda vyote. Mstari wa tatu ulisema: Maelekezo yatolewe kwa kutumia vitu vilivyopo.

Duane Hruska, aliyegawa barua miaka arobaini na sasa akagawa maelezo pamoja na Lavonne, aliusoma mstari ule kwa sauti siku ya kwanza, akavua miwani.

"Hii, bibie, ni falsafa," alisema.

"Ni ufidhuli," Lavonne alisema.

"Kuna wazee wenye ndevu walioandika vitabu kumi kuhusu vitu vilivyopo, wakafa hawajamaliza. Huyu amemaliza kwa mstari mmoja, na bado amepata nafasi ya kuweka nembo."

Lavonne alikuwa ameshaonywa mara mbili, kwa upole na kwa meno. Onyo la tatu lingempeleka Lango la Tisa, kugawa mafuta ya kukinga jua.

"Umemwambia Miti Minane," Duane alisema sasa, bila kuinua macho kutoka kwenye chupa yake ya kahawa.

"Nimeteleza."

"Umeteleza tangu asubuhi. Sihesabu, lakini masikio ninayo."

"Leo niache, Duane. Leo nina jambo langu."

"Saa tisa."

"Saa tisa," Lavonne alisema, akaugusa mkoba wake ulioning'inia kwenye kiti, kama mtu anayehakikisha kwamba paka bado amelala.

Ndani ya mkoba mlikuwa na kadi ya posta yenye picha ya mnara wa taa, iliyotoka pwani ya Oregoni, mbali huko magharibi. Nyuma yake palikuwa na mistari miwili, kwa mwandiko uliosimama wima kama nguzo za ua: Jumamosi, saa tisa, kwa Jogoo. Safari hii uje. Ardith.

Ardith alikuwa dada yake, aliyemtangulia kwa miaka minne, na walikuwa wawili tu. Walikulia katika shamba la mzee Emil Vlasak, baba yao, aliyelima mahindi mengi na kusema maneno machache. Ardith ndiye aliyemfundisha Lavonne kuendesha trekta, kuzomea bata mzinga, na kupika kolachi, vile vikate laini vyenye jamu katikati ambavyo bibi yao alikuja na siri yake kutoka ng'ambo. Agosti ya mwaka 1969 wote wawili waliingiza kolachi zao katika mashindano ya maonyesho. Lavonne alipata utepe wa buluu, ambao ni wa kwanza. Ardith alipata mwekundu, ambao ni wa pili. Jioni ile ile Ardith alipanda basi akaenda Oregoni, akafanya kazi katika kiwanda cha samaki, na hakurudi tena ila kwa kuzika.

Katika miaka hamsini dada hao walizungumza mara tatu, mbili kati ya hizo makaburini, na mara zote tatu walizungumza kuhusu mvua. Lavonne aliamini kwamba sababu ilikuwa utepe. Alikuwa ameamini hivyo kwa muda mrefu na kwa uaminifu mkubwa, kama wengine wanavyoamini Ufufuo. Baada ya utepe ule hakuingiza tena kitu chochote katika mashindano. Alipika chakula cha shule miaka thelathini na mmoja, akaishibisha nusu ya wilaya, pamoja na mbunge mmoja aliyewahi kumficha karoti mfukoni. Aliolewa na Milo Kubicek, fundi wa mashine za kuvunia, mtu aliyekufa miaka sita iliyopita kama alivyoishi, bila kumsumbua mtu. Alizaa wavulana wawili, ambao sasa walikaa katika miji mikubwa na kupiga simu kila Jumapili kuuliza kama ameshafunga mlango.

Na utepe wa buluu, uliopauka ukawa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, ulikuwa ndani ya mkoba, chini ya kadi. Alikusudia kumpa Ardith. Kwa maneno gani, hakujua. Wanawake wa ukoo wa Vlasak hawakuachiwa maneno katika urithi.

Saa tisa kasorobo alisimama, akaivua kofia ya kijani, akaivaa tena.

"Unapendeza," Duane alisema.

"Sikukuuliza."

"Ndiyo maana nimesema kweli. Nenda, nitawapoteza watu mwenyewe."

Jogoo alikuwa wa saruji, futi thelathini kutoka ukucha hadi upanga wa kichwani, mwenye jicho moja lililowaka na jingine lililokataa kuwaka. Watoto waliogopa jicho lile lililozimika. Kila familia jimboni ilikuwa na agizo moja, lililotolewa langoni kabla ya kuingia: tukipoteana, tukutane kwa Jogoo. Chini ya kifua chake watoto walilia, wachumba walisubiriana, na wazee walikaa wakisingizia wanasubiri mtu. Mwaka 1998 upepo ulimng'oa kichwa. Kwa miaka mitatu alisimama hivyo, na watu waliendelea kukutana kwake bila kuona upungufu wowote, mpaka kamati ikasema hafai na kumvunja.

Lavonne hakuwa na shaka pa kusimama. Hapo, mbele ya banda la maziwa, ndipo Milo alipomwuliza kama angependa kuishi na mtu anayenuka mafuta ya mashine. Hapo watoto wake walipigwa picha kila Agosti, wakirefuka mwaka hadi mwaka huku Jogoo akibaki vile vile. Sasa mahali pale palikuwa na feni kubwa tatu zilizonyunyiza ukungu wa maji baridi, kwa ajili ya waliozidiwa na joto. Lavonne aliingia katikati ya ukungu akasimama.

Kutoka humo ndani viwanja havikuwa na mwisho. Watu walitokea wakiwa weupe, wakapata rangi walipokaribia, wakapita, wakapauka tena. Muziki wa bembea ulifika umelowa. Mtu aliyesimama humo kwa dakika kumi asingeweza kuapa mbele ya hakimu ni mwaka gani. Lavonne aliyajua haya kutoka katika asubuhi zake: kila siku ya maonyesho alifika kabla malango hayajafunguliwa, na kikombe chake cha kahawa, akazunguka peke yake juu ya majani mapya, na katika mwanga ule wa kijivu vitu vyote vilivyobomolewa vilirudi mahali pake. Viti vya angani vilipita juu ya kichwa chake, vitupu, vikilialia kwenye waya. Reli ya mbao ya mabehewa ya kuteremka kwa kasi ilisimama kama mifupa ya nyangumi aliyepotea njia kwa maili elfu moja. Jumba la Wanawake lilikuwa na viti vyake vya kubembea barazani, na mtu ndani aliyekuwa akichemsha mahindi. Hakulia katika matembezi hayo. Alitembea tu akiwa amepanua viwiko kidogo, ili asigonge vitu.

Ndani ya banda, nyuma yake, alikuwepo ng'ombe wa siagi, wa ukubwa wa ng'ombe kweli, aliyefinyangwa kila mwaka na kuwekwa kwenye kabati la kioo lenye baridi. Wataalamu wa historia wangetaka kujua kwa nini, katika viwanja vilivyopoteza saruji, chuma na mbao, kitu pekee kilichodumu miaka mia ni kile kinachoyeyuka. Wakazi wa jimbo hawakuwahi kuuliza. Waliingia, wakamtazama, wakasema safari hii masikio yametoka vizuri.

Saa tisa ilifika. Lavonne aliutoa utepe mkobani, akaurudisha. Mwanamke mrefu alitokea katika ukungu, na Lavonne akapiga hatua mbele, lakini mwanamke alikuwa na miaka arobaini na soseji mkononi. Saa tisa na robo. Saa tisa na nusu. Kofia yake ya kijani ilianza kuchuruzika. Watu watatu walimwuliza njia ya kwenda kwenye sungura, na wote watatu aliwajibu kwa kanda na rangi, kama waraka ulivyotaka, na wote watatu wakaenda upande usiokuwa na sungura.

Saa kumi na dakika kumi alirudi kibandani. Duane alimtazama mara moja tu, kisha akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangwa.

"Labda ndege," alisema.

"Anasafiri kwa treni."

"Labda treni."

"Duane."

"Nimenyamaza."

Lavonne aliketi. Maji yalidondoka kutoka kwenye kofia mpaka juu ya ramani za Bwana Lindqvist, na Kanda ya Njano ikaanza kutiririka ndani ya Kanda ya Buluu. Alitazama jambo hilo bila kulizuia. Dada yake alikuwa amekuja kutoka upande wa pili wa nchi, au hakuja. Alikuwa amemwona kwa mbali akabadili nia, au hakumwona. Lililo hakika ni kwamba Ardith hakuwa mtu wa kuandika kadi mbili.

Ndipo kijigari cha umeme kilipofunga breki mbele ya kibanda, na Rhonda Petsch wa ulinzi akateremka, akiwa amepakwa kitu cheupe cha jua puani.

"Mama, nipe maji, nakufa," alimwambia Lavonne. "Kuna bibi huko Lango la Mbio ananitoa roho."

"Amefanya nini?" Duane aliuliza.

"Hajafanya kitu! Ndilo tatizo. Amesimama mbele ya vile vyoo vya plastiki tangu saa nane na nusu, na kimkoba chake cha safari. Namwambia, mama, hicho choo ni kibovu, kimefungwa. Anasema hana haja na choo. Basi sogea. Hasogei. Sasa watu wamepanga foleni nyuma yake, kumi na tano, wanadhani yeye ni wa kwanza. Choo cha pembeni kitupu, mlango uko wazi, unapepea! Hakuna anayeingia. Wote wanamsubiri yeye."

"Hao ni watu wetu," Duane alisema. "Wamelelewa vizuri."

"Nikamwuliza, sasa mama, kama si choo unangoja nini? Ananitazama hivi, toka juu mpaka chini. Anasema: nipo kwa Jogoo. Nikajua ni jua hilo limempanda kichwani."

"Jogoo hakuwa Lango la Mbio," Lavonne alisema papo hapo, kwa sauti ya miaka thelathini na minane. "Jogoo alikuwa mbele ya banda la—"

Mkono wake ukaenda kwenye mkoba.

Kuna vitu mtu huvijua vizuri mno hata haviangalii tena. Jogoo alihamishwa mwaka 1973, mchana kweupe, amelazwa chali juu ya trela, miguu ikielekea mawinguni, na Lavonne mwenyewe alikuwa kando ya barabara akipunga mkono. Kabla ya hapo alisimama Lango la Mbio, akitazama farasi. Lakini maisha yote ya Lavonne yaliyostahili kuitwa maisha yalikuja baada ya trela ile, na Jogoo aliyekaa kichwani mwake alikuwa Jogoo wa Milo, wa banda la maziwa, kana kwamba alitagwa pale pale.

Ardith aliondoka mwaka 1969. Safari hii uje.

Safari hii. Lavonne aliposoma maneno hayo jikoni kwake alidhani ni ukali wa kawaida wa dada yake. Sasa alikumbuka, na kumbukumbu haikuja kama radi. Ilikuja kama mtu anayerudisha bakuli aliloazima zamani. Asubuhi ile ya mashindano Ardith alikuwa amemfunga aproni mgongoni na kumwambia: saa tisa, kwa Jogoo, nina neno. Na saa tisa Lavonne alikuwa barazani kwa Jumba la Wanawake, akipigwa picha na utepe kifuani, akiambiwa ageuze kidevu. Hakwenda. Baadaye hakukumbuka kwamba hakwenda. Alikumbuka utepe.

"Rhonda," alisema. "Yuko bado?"

"Nilipoondoka alikuwa anatazama saa."

Lavonne alikuwa ameshapanda kijigari.

Njia kuu ilijaa watu kama ilivyopaswa kujaa Jumamosi, na kijigari kilikwenda kwa mwendo wa mazishi ya mtu maarufu.

"Pita nyuma ya reli ya mbao," Lavonne alisema.

"Ipi?"

"Kata hapa. Hapa! Halafu chini ya viti vya angani."

"Mama, hapa hakuna kitu."

"Ndiyo maana tutapita haraka."

Na ikawa hivyo. Mahali palipobomolewa vitu vikubwa palikuwa bado na uwazi, lami na majani yaliyosubiri kujengwa, na watu hawakupita huko, kwa mazoea, kana kwamba wangejigonga. Kijigari kilipita katikati ya nguzo za reli ya mbao. Lavonne aliinamisha kichwa kidogo. Kilipita barazani kwa Jumba la Wanawake, kikasogeza viti vya kubembea. Bwana Lindqvist alikuwa amesimama kando na watu wawili wenye michoro ya majengo, akaona kofia ya kijani ikipita mahali pasipo na njia, akainua mkono kama mtu anayetaka kuuliza swali darasani.

Kwanza aliiona foleni. Ilikuwa imefika watu ishirini na mmoja, na ilipinda kwa heshima kukwepa jua. Mbele yake kabisa, mgongo wima, kofia ya majani kichwani na mkoba wa safari miguuni, alisimama Ardith. Alikuwa amefupika. Lavonne hakuwa amejiandaa kwa hilo.

Ardith aliitazama saa yake.

"Umechelewa," alisema.

"Nilikuwa kwa Jogoo."

"Kwa Jogoo niko mimi."

"Dada, hapa ni chooni."

"Nimeona ni chooni, Lavonne. Nina macho, na pua ninayo pia, kwa bahati mbaya. Alikuwa hapa. Mkia wake ulikuwa pale alipo yule bwana mwenye suruali fupi."

Bwana mwenye suruali fupi, wa tatu katika foleni, alijitazama nyuma.

"Alihamishwa," Lavonne alisema. "Walimpeleka kwenye banda la maziwa."

"Jogoo wa futi thelathini?"

"Kwa trela."

Ardith alilifikiria jambo hilo.

"Hakuna aliyeniandikia," alisema.

"Samahani, mabibi," alisema mama aliyekuwa wa pili kwenye foleni, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye shida kweli, "mnaingia au hamwingii?"

"Hiki kibovu!" Rhonda alipiga kelele kutoka kwenye kijigari. "Nimesema toka saa nane na nusu! Cha pembeni kizima!"

Foleni ilitazamana. Kisha ikasogea yote pamoja hatua mbili kulia, bila mtu kupoteza nafasi yake, na mama yule akaingia mbio.

Dada wawili walibaki peke yao mbele ya mlango uliofungwa. Lavonne alifungua mkoba, akatoa utepe, akamnyooshea kama mtu anayelipa nauli.

"Nini hiki?"

"Utepe. Wa kolachi. Ulistahili wewe. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Ardith aliugeuza upande huu na huu. Akavua miwani yake, akaifuta vumbi kwa utepe, jicho la kulia kisha la kushoto, akaivaa.

"Kolachi zangu zilikuwa ngumu mwaka ule," alisema. "Nilikuwa na mawazo. Wewe umekaa miaka hamsini unadhani nilikwenda Oregoni kwa sababu ya kolachi?"

"Sasa kwa sababu ya nini?"

"Nilikwenda Oregoni kwa sababu nilitaka kuona bahari, na kwa sababu baba alikuwa ameshaanza kuniuliza nitaolewa na nani kati ya watu wawili wasiooga. Hilo halikuhusu. Nililokasirikia ni hapa." Aligonga lami kwa kiatu. "Nilisimama hapa saa nzima na dakika ishirini. Nilikuwa na tiketi mbili."

"Tiketi za viti vya angani?"

"Za basi, Lavonne."

Nyuma ya vyoo, katika uwanja wa mbio, mtu alijaribu kipaza sauti, akasema moja, moja, moja, kana kwamba hakuwahi kusikia habari za mbili. Lavonne aliangalia miguu yake. Alijaribu kuona basi, na msichana wa miaka ishirini na miwili aliyeketi dirishani na aproni yake bado kiunoni. Alimwona vizuri kabisa. Kwa kuona vitu visivyokuwepo alikuwa na mazoezi. Msichana alikuwa anatazama milima ikija. Kisha Lavonne akamtafuta Milo mle ndani, na wavulana wawili, na watoto wa shule wakiwa wamepanga mstari na sahani, na hao hawakuwemo, popote alipotazama.

"Ningekwenda?" aliuliza.

"Sijui. Ndilo neno nililotaka kukuuliza." Ardith alikunja utepe mara mbili. "Tiketi yako nilimpa mwanajeshi mmoja. Alikoroma mpaka milimani. Nilikuchukia kwa maili elfu moja na mia sita zote, na baada ya hapo ikawa tabia tu."

"Na kwa nini sasa?"

"Nilisoma gazetini kwamba mwakani wanabomoa jukwaa la mbio." Ardith aliinua kidevu kuelekea lile jukwaa kuukuu la matofali, ambalo kivuli chake kilikuwa kinaanza kuwafikia. "Ndilo peke yake lililobaki upande huu. Nikasema, wakishalivunja hilo sitajua tena nilikungojea wapi."

Lavonne alitaka kusema samahani. Neno lilikuwepo, lakini lilikuwa limekaa muda mrefu bila kutumika na halikutaka kufunguka, kama kile choo. Badala yake aliokota mkoba wa safari wa dada yake. Ulikuwa mzito.

"Mna nini humu?"

"Samaki wa makopo. Nisingekuja mikono mitupu."

"Unalala wapi?"

"Kuna nyumba ya wageni karibu na stesheni. Treni ni kesho saa nne. Nilidhani asubuhi tunaweza kukutana mahali, tunywe chai, kama una nafasi. Sema wewe wapi. Safari hii tuseme kitu kilichopo."

Lavonne alitazama pande zote kwa dhati, kama mfanyakazi mwaminifu wa kibanda cha maelezo. Palikuwa na vyoo, vyenye magurudumu. Palikuwa na hema la maji ya malimau, lenye kamba. Palikuwa na bango la Kanda ya Zambarau, lililofungwa kwa waya kwenye pipa la taka. Palikuwa na jukwaa la matofali, lenye mwaka mmoja wa kuishi.

"Hatukutani popote," alisema. "Unalala kwangu. Na hiyo treni utaniambia vizuri ni ya lini, maana sidhani kama ni kesho."

Ardith aliufungua utepe aliokuwa ameukunja, akauangalia tena, akaubandika kwa pini yake kifuani kwa Lavonne, juu kidogo, upande wa kushoto, pale ulipokuwa kwenye picha.

"Geuza kidevu," alisema.

Kisha akaipapasa kofia yake ya majani. "Gari lako liko wapi?"

"Miti Minane."

"Ile mikubwa? Ya kivuli?"

"Ile ile."

Rhonda, aliyekuwa amesikia yote na kusahau kazi yake, alisema kwamba kijigari kipo, apande tu, maana kwa miguu ni mbali na njia zote zimebadilishwa. Lakini Ardith alikuwa ameshaanza kutembea. Hakuuliza njia. Alikata kulia kabla ya lango, akapita mahali palipoungua zizi la farasi, na alipofika kwenye uwazi wa maegesho, ambako magari elfu moja yalimeremeta juani, akapunguza mwendo, kama watu wapunguzavyo wanapoingia kivulini. Lavonne alimfuata nyuma, amebeba samaki.